Hatujajua

Mlioko Mbarara mjini, mlioko Isingiro, mlioko Kikagate mpaka ukingoni mwa mto Kagera, na nyinyi wa Nakivale, Base Camp, Juru na Rubondo, karibuni tukae. Leo nina neno moja tu la kuwaambia, lakini tutalifikia kwa kupitia bombani.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Februari 2025, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, saa mbili asubuhi. Foleni ya jerikani za manjano ilianzia bombani ikakunja mpaka nyuma ya kibanda cha kuchajia simu. Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na muda wa kuzungumza. Ikaja bodaboda, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira nyuma ya dereva. Tangazo lilikuwa limerekodiwa: kwanza Kinyankore, kisha Kiingereza, kisha Kiswahili, halafu linaanza upya. Alipofika usawa wetu ilikuwa zamu ya Kiingereza. Kiswahili kilipoanza, pikipiki ilikuwa imeshakata kona ya kanisa na upepo unayachukua maneno. Tuliambulia matatu: homa, mikono, asanteni.

Mama mmoja mbele yangu, mtoto mgongoni, akageuka. "Sasa ule anatuambia nini? Niko nasikia tu makelele."

Aliyekuwa nyuma yake akamjibu kwamba ni ule ugonjwa wa Tanzania. Mwingine akasema hapana, ni wa Kampala, umeua muuguzi. Kijana mmoja aliyekuja na baiskeli akasema alivyosikia yeye ni habari ya chanjo, na kwamba anayeikataa jina lake linafutwa kwenye orodha ya chakula. Hapo foleni nzima ikanyamaza. Homa walikuwa wameizungumza kwa sauti ya kawaida. Kilichowanyamazisha ni orodha.

Nisimcheke mtu yeyote kwenye foleni ile, kwa sababu wote walikuwa na kipande cha ukweli mkononi. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Siku kumi baadaye, tarehe 30, Wizara ya Afya ya Uganda ikatangaza Ebola ya aina ya Sudan mjini Kampala, baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago kufariki. Magonjwa mawili yanayofanana dalili, mwezi mmoja, upande huu na upande ule. Na katikati ya tarehe hizo mbili mji wa Goma, kule Kongo, ukaanguka mikononi mwa waasi. Wengi kwenye foleni ile wana ndugu Goma, Sake, Minova. Walikuwa wamekesha na simu wakitafuta sauti ya mama, ya kaka, ya mtoto aliyebaki. Tangazo la kunawa mikono lilikuwa linagombea sikio ambalo tayari lilikuwa limejaa. Ofisi iliyoituma ile pikipiki sidhani kama ilifikiria hilo. Pengine kwenye karatasi zao iliandikwa kwamba kijiji kile kimeshafikiwa.

Sasa twende Kikagate.

Anayeijua Kikagate anajua kwamba pale mto ni njia ya kwenda kwa shemeji. Ng'ambo ni Murongo, wilaya ya Kyerwa. Kinyambo cha kule na Kinyankore cha huku vinaelewana bila mkalimani. Watu wanavuka kwenda sokoni, kuzika, kuposa, na jioni wanarudi. Kwa hiyo habari ya Kagera haihitaji kusafiri ili itufikie, inavuka na ndizi.

Katikati ya Januari ile ile, kabla ya tangazo la Rais, habari zilivuka mara mbili. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera na kwamba wengi wao wamekufa. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ya Tanzania ikatoa taarifa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Sikilizeni vizuri hapa, maana nataka kuwa mwadilifu. Sampuli zilizopimwa hazikuonyesha: hiyo ni kauli ya maabara, na maabara husema inachokiona siku hiyo. Lakini ilipofika darajani haikufika hivyo. Ilifika ikiwa neno moja, hakuna. Hakuna Marburg. Watu waliokuwa wameanza kusalimiana kwa mbali wakarudi kushikana mikono. Siku tano baadaye, ipo. Na ugonjwa ulipotangazwa kuisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mazingira yao. Wote kumi walikufa.

Mkoa huo huo, miaka miwili nyuma, ulisikia jambo kama hilo kwa namna nyingine kabisa. Tarehe 16 Machi 2023, Mganga Mkuu wa Serikali ya Tanzania, Profesa Tumaini Nagu, alitoa taarifa kwamba kuna ugonjwa Bukoba Vijijini ambao haujafahamika. Alitaja dalili: homa, kutapika, kutokwa damu, figo kushindwa kufanya kazi. Alisema watu saba wameonekana na dalili hizo na watano wamefariki. Alisema wataalamu wameshatumwa, na watu wafanye nini wakati wanasubiri. Jina la ugonjwa hakuwa nalo, wala hakulisubiri. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akarudi na jina: Marburg. Mlipuko ule uliishia kwa wagonjwa tisa na vifo sita, na tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha.

Sisemi kwamba taarifa ya mapema pekee ndiyo iliyookoa watu 2023. Kuna wauguzi, kuna maabara, kuna bahati pia. Nasema juu ya kuaminiwa. Aliyesikia "haujafahamika" tarehe 16, kisha akasikia "tumeufahamu" tarehe 21, hakuona mahali pa kushangaa. Alikuwa ameachiwa nafasi.

Na hapa ndipo lilipo neno langu. Kiswahili kimetupa kiungo kidogo cha herufi mbili, -ja-, ambacho naona viongozi wetu wanakiogopa bure. Sikiliza tofauti ya hatujui na hatujajua. Nyumbani mama akimwuliza mtoto kama baba amerudi, mtoto akasema "hajarudi", mama anaacha chakula kwenye sufuria na kukifunika. Akisema "harudi", mama anakigawa na kuosha sufuria. Herufi mbili zinaamua kama kuna mtu atakayelala njaa. "Hatujaona mgonjwa" inamwambia msikilizaji afunike sufuria, aendelee kuwa macho. "Hakuna mgonjwa" inamwambia aoshe vyombo akalale.

Lakini ukisema hatujajua, umekopa. Huwezi kusema hatujajua Jumatatu halafu ukapotea mwezi mzima. Una deni la kurudi, hata kama unarudi kusema bado hatujajua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilifanya hivyo Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya. Taarifa baada ya taarifa, kilipo, kinakoelekea, mikoa gani ijihadhari, mpaka tarehe 4 walipokuja kusema kimepoteza nguvu. Mvuvi wa Mafia hakuachwa abahatishe kama onyo la jana bado lipo.

Wenye mamlaka wana neno lao wanalojibu kila ukiwauliza kwa nini hawakusema mapema: taharuki. "Hatukutaka kuzua taharuki." Nimelisikia neno hili mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa Kinyankore, kwa Kiingereza, nami nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli watu hukimbia, hukanyagana, huficha wagonjwa. Ila nawaombeni mfikirie siku ambazo mliwahi kutaharuki nyinyi wenyewe. Mimi sikumbuki hata siku moja niliyotaharuki kwa kuambiwa jambo waziwazi na mtu ninayemwamini. Nimetaharuki usiku simu ya ndugu ilipokuwa haipokelewi. Foleni ya pale bombani haikutaharuki kwa tangazo, ilitaharuki kwa robo ya tangazo, na robo tatu zilizobaki ikazijaza yenyewe.

Wenzetu wa Kivu mnalijua hili kuliko mimi. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na haikuisha mpaka Juni 2020, imeshaua zaidi ya watu 2,200. Dawa zilikuwepo, chanjo ilikuwepo, madaktari walikuja kutoka kila upande. Kilichokosekana ni mtu wa kumwamini. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa na wenye silaha kwa miaka minne kabla ya hapo, na walipolia hakuja mtu na gari jeupe. Ebola ilipoingia magari yakajaa. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini mmekuja kwa ugonjwa huu na si kwa mapanga yale? Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura na wenzao, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, ila sanduku la kura likawa hatari. Kesho yake watu waliandamana, na kituo cha Ebola kikavamiwa. Aprili iliyofuata daktari kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo akiwa kazini hospitalini.

Kifo kile hakina utetezi. Lakini ninapomsikia ofisa akisema "watu wa Kivu ni wabishi kwa sababu ya ujinga", moyo unaniuma. Walikuwa wameuona ugonjwa ukitumiwa kwa kazi nyingine. Wengine kati yao sasa wako Nakivale, na wanasikiliza kila kipaza sauti kwa sikio lile lile. Ndiyo maana habari ya orodha ya chakula iliingia kwa urahisi. Mtu ambaye posho yake imeshawahi kupunguzwa bila kuulizwa ataamini kwamba inaweza kupunguzwa tena, na hilo halitaki elimu kubwa kulielewa.

Wafugaji wa Ankole nanyi mna yenu. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia Isingiro, neno la kwanza mnalosikia ni karantini: minada imefungwa, ng'ombe wasisogee. Karantini ina sababu, siipingi. Ila kama neno la kwanza, la pili na la tatu ni kufungiwa, na hakuna neno lolote kwa mtu atakayejitokeza kusema ng'ombe wangu anachechemea, basi ng'ombe anayechechemea atapelekwa bondeni usiku. Kabla ya kumwambia mtu atoe taarifa, mwambie yatakayompata akishaitoa. Ng'ombe wangu watakuwaje? Mtoto wangu mtampeleka wapi, nani atalala naye, nitamwona? Na kama akifa, nitazika? Haya ndiyo maswali ya kwanza ya mtu yeyote, na kwenye matangazo mengi huwa hayamo kabisa.

Na maneno ya serikali yanakumbukwa. Mwishoni mwa Septemba 2022, Ebola ikiwa Mubende, Rais Museveni alisema hakutakuwa na kufunga wilaya. Tarehe 15 Oktoba Mubende na Kassanda zikafungwa. Huenda hali ilibadilika na kufunga kukawa lazima. Basi siku ya kwanza ingesemwa kwamba leo hatufungi, na hili na lile likitokea tutafunga. Watu wanaelewa masharti. Mkulima anayepanda mahindi kwa kutazama mawingu ameishi na "ikiwa" tangu amezaliwa.

Nikae kidogo Gulu, mwaka 2000, kwa sababu kuna jambo pale ambalo naona halijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili. Ebola ile iliwashika watu 425 na kuwaua 224. Mnamkumbuka Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyeutilia shaka ugonjwa ule mapema na kupiga simu Kampala badala ya kungoja barua ipande ngazi, kisha akabaki na wagonjwa mpaka naye akafa tarehe 5 Desemba. Lakini wazee wa Kiacholi nao walikuwa na la kusema. Kwao maradhi yanayopita nyumba kwa nyumba na kuua wengi yana jina, gemo, na gemo ina sheria zake tangu enzi za mababu. Mgonjwa anatengwa kwenye nyumba yake. Anayemhudumia ni yule aliyekwisha kuugua akapona. Mbele ya nyumba yanasimikwa mabua mawili marefu ya mabingobingo, ili mgeni akiyaona asiingie. Ngoma zinasimama, watu hawatembeleani, na mgonjwa aliyepona anakaa mwezi mzima kabla ya kuchanganyika na wengine.

Fikiria mabua yale mawili. Hayana maandishi wala mkalimani, na asiyejua kusoma anayaelewa akiwa hatua hamsini. Yanasema kuna hatari hapa, na yanasema ufanye nini: pita. Wataalamu waliokwenda Gulu na kuwauliza kwanza wazee wanafanyaje, walikuta nusu ya kazi imeshafanywa. Kila jamii iliyoko Nakivale ina mabua yake. Wasomali wana wazee wao wa msikitini na namna yao ya kufikishiana neno, Warundi wana yao, Wakongo wana kwaya na vyama vya akina mama wanaokutana kila wiki. Kabla ya kurekodi tangazo, mtu angewauliza.

Halafu lugha. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kukisukuma mbele zaidi, mpaka mashuleni. Nashukuru. Lakini Kiswahili cha bombani Nakivale ni cha Kivu, kina makelele na niko nasikia ndani yake, na karatasi ya Kiswahili iliyofasiriwa ofisini kutoka Kiingereza inamfikia mama yule kama mgeni aliyevaa suti. Watanzania waliponipa raha ni Julai 2022, ulipozuka ugonjwa Lindi ambao wataalamu wanauita leptospirosisi. Waziri aliutangaza kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Aliyesikia jina alikuwa ameshaambiwa nusu ya ugonjwa unakopatikana. Linganisheni na Marburg, ambalo ni jina la mji wa Ujerumani, ingawa tumbili walioupeleka ugonjwa ule huko mwaka 1967 walitoka hapa hapa Uganda. Sisi wa magharibi tumeshakutana nao mgodini Kitaka mwaka 2007, na tena mwaka 2012 ulipozuka Kabale na kufika Ibanda. Si ugonjwa mgeni. Jina lake ndilo bado geni masikioni, na hakuna aliyejaribu kulipa sura ya popo wa pangoni ambaye kila mtoto wa huku anamjua.

Kwa hiyo, waheshimiwa mnaotuma pikipiki, ombi langu ni dogo na halina gharama kubwa. Mwambieni dereva azime injini. Akifika bombani ashuke, acheze tangazo mpaka mwisho kwa lugha ya walio pale, kisha akae robo saa aulizwe. Kama yeye si mtu wa kujibu, apakie VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji kile, yule ambaye watu wanajua nyumba yake. Maswali yaandikwe. Na siku ya kurudi na majibu itajwe pale pale.

Nasema hivi kwa sababu asubuhi ile, pikipiki ilipokuwa imeshapotea, yule mama mwenye mtoto mgongoni aliniuliza mimi, kwa kuwa aliona nina daftari. "Mimi nauzishaka manguo ya Owino. Ile magonjwa inaweza kufika ndani ya manguo?"

Owino ni soko la mitumba la Kampala. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumjibu. Mtu akikuuliza kwa macho yale unatamani uwe na jibu. Nikamwambia, sijajua, mama. Nitauliza Mbarara. Leo ni Jumanne, Ijumaa nitakuwa hapa.

Mbarara daktari mmoja alinieleza kwa subira. Nguo na matandiko ya mgonjwa, yaliyopata damu, matapishi au jasho lake, hayo ni ya kuogopwa kweli na yasiguswe kwa mikono mitupu. Nguo ya sokoni iliyokaa kwenye robota ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kama ilivyo kawaida. Anayepaswa kuangaliwa ni mtu mwenye homa aliyekuwa karibu na mgonjwa, akimbizwe kituo cha afya.

Ijumaa nilimkuta kwenye foleni ile ile. Nikamweleza, akanirudisha nyuma mara mbili: sabuni yoyote? Hata ya kipande? Hata ya kipande, mama. Kumbe robota lake lilikuwa limekaa chini ya kitanda tangu Jumatatu, hajalifungua, na wateja walikuwa wameshakwenda kwa wengine. Akamkabidhi jirani jerikani yake, akamwomba amshikie nafasi, akaenda kulifungua.